Onyo la Kompaila Si Kosa Dogo

Miongoni mwa vijana wanaoandika programu hapa Goma, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wao, kuna imani iliyokaa miaka bila kubishiwa: kosa ni kosa, onyo ni kelele. Kompaila ikikataa kujenga programu, kila mtu anainama na kutafuta mstari wenye ubaya. Ikijenga huku imetoa mistari thelathini ya maonyo, kijana anaisukuma skrini juu, anaona faili imetoka, anasema "inatembea", na kazi inakabidhiwa. Ukimuuliza habari ya ile mistari thelathini anakujibu kwa adabu zote: "Mkubwa, ni maonyo tu."

Nabisha, na nabisha kwa sauti. Imani hiyo haina msingi katika namna kompaila inavyofanya kazi wala katika historia ya fani yenyewe. Na hapa Kivu ya Kaskazini ina ubaya wa ziada ambao mtu wa Nairobi au wa Paris anaweza asiuone: gharama ya onyo lililopuuzwa hailipwi na aliyelipuuza. Inalipwa na muuguzi wa kituo cha afya kule Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, ambaye hajawahi kuona kompaila maishani mwake, na hajui kwamba siku programu yake ilipojengwa, ujumbe uliomhusu yeye ulipita mbele ya macho ya mtu mwingine bila kusomwa.

Tutazame kwanza kompaila inafanya nini. Inasoma msimbo aliouandika mtu na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine. Katika kusoma huko inakutana na hali mbili zilizo tofauti kabisa. Kuna sentensi isiyosomeka: umesahau kufunga mabano, umetumia kigezo ambacho hujakitangaza, umeweka neno mahali pa namba. Kompaila haina la kufanya na sentensi hiyo. Inasimama na kukuambia. Hilo ni kosa. Kisha kuna sentensi inayosomeka vizuri, sheria za lugha zinaikubali, mashine inaweza kuitekeleza, ila ina dalili kwamba mwandishi wake alikusudia jambo lingine. Hapo kompaila inajenga programu kama ilivyoagizwa, na pembeni inaacha ujumbe. Hilo ni onyo.

Wanaosema onyo ni kosa dogo wameyaweka mambo haya mawili kwenye ngazi moja, kosa juu na onyo chini, kama vile homa kali na homa ndogo. Ngazi hiyo haipo. Kosa linahusu sarufi, onyo linahusu maana. Programu yenye kosa la sarufi haiwezi kumdhuru mtu yeyote kwa sababu haipo. Imekufa mezani kwa aliyeiandika. Programu yenye onyo ipo, ina alama yake nzuri kwenye simu, inafunguka, inajibu, na inaweza kujibu uongo. Nikiambiwa nichague lipi la kuogopa kati ya hayo mawili, sitafikiri mara mbili.

Nachukua mfano ambao mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuuandika kesho asubuhi: programu ndogo ya stoo ya dawa, kwa C++. Inatunza salio la dawa mseto ya malaria. Salio limewekwa katika namba ya kawaida, inayoweza kushuka chini ya sifuri, na kuna sababu nzuri. Kituoni mara nyingi mgonjwa hupewa dawa kwanza, karatasi ya mapokezi ikaingizwa kesho yake, hivyo salio linaweza kusomeka -1 kwa muda. Kiwango cha chini cha kuagiza, tuseme dozi 10, kimewekwa katika namba isiyo na alama, ile isiyojua hasi, na hapo pia sababu ni nzuri: hakuna kiwango cha chini kilicho hasi. Kisha unakuja mstari wa kuwasha tangazo la upungufu: if (salio < kiwango). Mpe mtu yeyote ausome. Atakuambia uko sawa, -1 ni ndogo kuliko 10, tangazo litawaka.

Haliwaki. Sheria ya C na ya C++ inasema kwamba namba yenye alama ikilinganishwa na namba isiyo na alama ya ukubwa uleule, ile ya kwanza inageuzwa kwanza kuwa isiyo na alama. Kwenye biti 32, -1 ikigeuzwa hivyo inakuwa 4294967295. Mashine inajiuliza kama bilioni nne na ushei ni ndogo kuliko 10, inajibu hapana, na inapita. Stoo haina kitu, programu inaona stoo imefurika, na agizo haliandikwi. Haya yanatokea msimu wa mvua, malaria ikiwa imepanda, na muuguzi ambaye amefundishwa kuamini tangazo la simu anasubiri tangazo ambalo haliji.

Kompaila iliyaona yote hayo. Kompaila ya GCC ikipewa chaguo la -Wall kwenye C++ inasema waziwazi kwamba mstari fulani unalinganisha namba zenye alama na zisizo na alama, na inakuonyesha mstari na safu. Mabano yaliyosahaulika katika faili hiyohiyo yangemla mwandishi dakika mbili na yangeisha hapo. Onyo hili lilikuwa na uzito wa kuyashinda mara mia, na ndilo lililosukumwa juu ya skrini.

Wapo wanaonijibu kwamba haya ni mambo ya kampuni tajiri. Sisi, wanasema, tunafanya kazi umeme ukija na kuondoka, mega za intaneti zikinunuliwa kidogokidogo, na shirika lililotuagiza linataka fomu na programu kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu mradi unafungwa. Nani ana nafasi ya kusafisha maonyo thelathini? Hoja hii naiheshimu, maana waliyoyasema kuhusu umeme na muda ni kweli, na mimi naishi humo humo. Lakini hitimisho lao ni kinyume cha ukweli wenyewe. Kampuni tajiri ya nchi yenye amani inaweza kumudu kupuuza onyo. Ikitoa programu yenye ubaya leo, usiku wa manane inatoa toleo jipya, na asubuhi simu zote zimejisahihisha zenyewe. Sisi tunajenga programu Goma ili ikatumike Kalengera. Rutshuru iko kilomita takriban 70 kaskazini mwa mji, na Kalengera iko njiani. Siku za amani ni safari ya saa chache kwa gari au kwa pikipiki. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2022 Rutshuru-centre na Kiwanja zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, barabara hiyo ilikatika kwa miezi, mstari wa mapigano ukiwa Kibumba. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia Goma kwenyewe, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Katika mazingira ya namna hii, programu ukishaiweka kwenye simu ya muuguzi, jihesabie kwamba hutaigusa tena. Hakuna fundi atakayepanda pikipiki kwenda kubadilisha mstari mmoja wa C++. Huenda hata mtandao wa kupakulia toleo jipya haupo kijijini kwa wiki nzima.

Kwa hiyo dakika unayoisoma skrini baada ya kujenga ndiyo nafasi ya mwisho na ya bei rahisi kuliko zote. Mtu maskini ndiye asiyeweza kuipoteza.

Halafu kuna kundi la pili, ambalo nalihofia zaidi kuliko la kwanza. Hawa hawapuuzi maonyo, wanasema hawana. "Programu yangu imejengwa safi, hakuna hata onyo moja." Nikiwauliza waliijenga kwa amri gani, nakuta ni amri tupu, bila -Wall, bila -Wextra, bila chochote. Wengi hawajui kwamba GCC ikiachwa hivihivi inanyamazia mambo mengi, na kwamba kuna maonyo ambayo hata -Wall, licha ya jina lake, haiyagusi. Ule ulinganisho wa -1 na 10, ukiandikwa kwa C badala ya C++, hauonywi na -Wall, unahitaji -Wextra. Ukimya wa kompaila ambayo hukuiomba ikague hauna habari yoyote ndani yake.

Sisi watu wa Goma ndio tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wote. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo ililipuka bila tangazo rasmi lolote kutangulia, na lava ikashuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji. Siku zile ukimya wa vyombo haukumaanisha kwamba mlima umelala. Kituo cha uangalizi wa volkano, OVG, kilikuwa kimedhoofika kwa kukosa fedha baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020, na wanasayansi waliochunguza baadaye waliona kwamba dalili zilizotangulia zilikuwa chache mno na za dakika za mwisho. Silaumu mtu kwa hilo. Volkano hainyimwi ukatili wake na chombo. Nasema tu kwamba mtu aliyekimbia usiku ule na watoto mgongoni hana haki ya kuniambia kuwa mahali palipo kimya pana usalama.

Walioendelea nao wamelipia ukimya. Februari 2014 kampuni ya Apple ililazimika kutoa marekebisho ya haraka ya iOS, toleo la 7.0.6, kwa sababu ya mstari mmoja uliokuwa umeandikwa mara mbili. Mstari wenyewe ni goto fail, amri ya kuruka kwenda mwisho wa funksheni ukaguzi unaposhindwa. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti lake. Wa pili, uliokuja mara moja chini yake, haukuwa na sharti lolote, ingawa kwa macho umesogezwa ndani sawasawa na mwenzake. Basi kila mara funksheni iliruka hatua ya mwisho, ile ya kuhakiki sahihi ya seva, na kurudisha jibu kwamba mambo ni salama. Mtu mwenye nia mbaya akiwa kwenye Wi-Fi moja na wewe angeweza kujifanya benki yako, na simu ingemwamini. Hakuna sheria ya C iliyovunjwa. Mistari iliyofuata ilikuwa imegeuka kuwa msimbo usioweza kufikiwa kamwe, na kompaila ya Clang ilikuwa na onyo la jambo hilo hasa, -Wunreachable-code. Lakini onyo hilo halimo katika -Wall. Lazima uliombe kwa jina. Miaka miwili baadaye, GCC 6 ilitoka na onyo jipya kuhusu mistari inayojisogeza ndani kwa kudanganya macho, na hilo likawekwa ndani ya -Wall.

Ukweli ni kwamba maonyo yote tuliyo nayo yamezaliwa hivyo, kwa maumivu ya mtu fulani. Kompaila za kwanza za C zilikuwa na haraka na hazikuwa na maneno mengi. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika programu ya pembeni, lint, ambayo kazi yake pekee ilikuwa kusoma msimbo uliokwisha kukubalika na kuonyesha palipo na shaka. Kazi hiyo ndiyo iliyohamia taratibu ndani ya kompaila zenyewe. Kila onyo la GCC unaloliona leo lina nyuma yake watu waliopoteza siku, au fedha, au data, kwa ubaya uleule linaouonya. Anayeliita kelele anadharau uzoefu wa miongo mitano alioletewa bure.

Sasa niijie hoja iliyo nzito kweli, maana nisipoijibu makala hii haina haki ya kuchapishwa. Inasema: kompaila hukosea. Inaonya mahali pasipo na ubaya, na mtu akitii kila onyo bila kufikiri anaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Ni kweli, na ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika mfumo endeshi wa Debian alikutana na malalamiko ya Valgrind, ambacho si kompaila ila ni chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu. Kililalamika kwamba msimbo fulani unatumia kumbukumbu ambayo haijajazwa. Malalamiko yakaondolewa kwa kuondoa mistari miwili. Mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa ukichanganya bahati nasibu yote katika utengenezaji wa funguo za siri. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato peke yake, ambayo kwa kawaida haifiki 32,768. Kwa karibu miaka miwili, hadi tangazo la 13 Mei 2008, kompyuta za Debian na za Ubuntu ulimwenguni zilitengeneza funguo ambazo mshambuliaji angeweza kuzijaribu zote na kumaliza.

Wapuuzaji huushika mfano huu kwa mikono miwili. Lakini usome tena. Ubaya haukutokea kwa sababu onyo lilisikilizwa. Ulitokea kwa sababu lilinyamazishwa kabla halijaeleweka. Anayefuta mistari ili malalamiko yaishe na anayesukuma skrini juu ili asiyaone wanataka kitu kimoja, nacho ni ukimya. Ninachokidai mimi ni tofauti: onyo lisomwe, liamuliwe, na uamuzi uandikwe. Ukikuta kwa hakika kwamba kompaila imekosea, una ruhusa ya kulizima onyo lile, kwenye mstari ule mmoja, na juu yake uache maelezo ya nani kaamua na kwa sababu gani. Mwenzio atakayeirithi kazi yako, na mashirika hapa mjini hubadilisha watu kila mradi unapoisha, atakushukuru kuliko utakavyojua.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wale wa upande wa pili wa uzio, wanaotaka kila onyo ligeuzwe kosa, kila mahali na siku zote, kwa chaguo la -Werror. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilijaribu hilo kwenye kiini cha Linux Septemba 2021. Akalifanya kuwa hali ya kawaida kwa kila anayejenga. Siku chache tu zikapita, ikabidi lipunguzwe, libaki kawaida kwa wanaojenga kwa ajili ya majaribio. Sababu inaeleweka: kompaila mpya huja na maonyo mapya, na mtu wa mbali ambaye hakuandika hata mstari mmoja anajikuta hawezi kujenga programu ambayo jana ilijengeka. Msimamo wangu ni kwamba -Werror ikae kwenye mashine ya anayeandika na ya timu yake, pale ambapo mwenye uwezo wa kurekebisha ndiye anayezuiwa. Usimpelekee mtu mwingine zuio ambalo hawezi kuliondoa.

Jambo hili lina sura nyingine ambayo naiona kila siku Goma, nje kabisa ya C, na ndiyo inayoniuma zaidi. Vijana wetu wengi hawaandiki kompaila wala mifumo endeshi. Wanatengeneza fomu za kukusanya data kwa simu, za KoboToolbox na za ODK, kwa ajili ya mashirika. Humo nao wanaamua, swali kwa swali, lipi liwe zuio na lipi liwe tahadhari. Chukua kipimo cha mzunguko wa mkono wa mtoto, kile cha kutambua utapiamlo. Kwa kanuni za WHO, mtoto wa miezi 6 hadi 59 aliye chini ya milimita 115 ana utapiamlo mkali, na kati ya 115 na 125 ana wa wastani. RECO, yaani mhudumu wa afya ya jamii anayepima kijijini, wakati mwingine anaandika 12.5, kwa kuwa amesoma sentimita. Namba hiyo haiwezekani kabisa kwa milimita, na fomu ina haki ya kuikataa. Hapo zuio ni sahihi.

Lakini mtengeneza fomu aliyelelewa kwenye imani kwamba kosa tu ndilo la maana anaendelea. Anajiambia mkono wa milimita 90 ni jambo la nadra, bila shaka ni kosa la kuandika, basi chini ya 100 fomu ikatae. RECO yuko mbele ya mama na mtoto. Amepima mara mbili, amepata 92. Simu inakataa. Ana watoto wengine wanaosubiri, na fomu haisongi mbele. Ataandika 100 ili apite. Katika ripoti inayofika Goma, mtoto aliye katika hali mbaya kuliko wote hayupo. Yupo mwingine, wa kubuni, mwenye 100 kamili. Mkuu wa mradi akiona namba 100 imejirudia mara nyingi kuliko kawaida, hatajua kwamba ni fomu yake iliyowafundisha watu kudanganya.

Pale palihitaji onyo. Fomu ingeuliza: "Umeandika 92. Pima tena, kisha thibitisha." Na ingepokea jibu. Kisichowezekana kikataliwe, kinachotia shaka kiulizwe. Mtu asiyejua tofauti hiyo kwenye kompaila hataijua kwenye fomu, wala kwenye mfumo wa taarifa za afya, wala popote atakapopewa mamlaka ya kuamua mashine ikatae nini na iulize nini. DHIS2, ambayo ripoti za afya za nchi yetu hupitia, ina kanuni za uhakiki za namna hiyo hiyo: namba zisizopatana huonyeshwa kwa anayeingiza, na katika mpangilio wa kawaida hazimzuii kukamilisha ripoti. Aliyezoea kusema "ni maonyo tu" anazifunga hata kabla ya kuzisoma, na ripoti ya mwezi inapanda juu na ubaya wake.

Kuna kisingizio kingine, kidogo, nikitaje nipite: kwamba ujumbe wa kompaila ni mgumu na uko kwa Kiingereza. GCC inazungumza Kifaransa ukiiweka hivyo, na lugha ya masomo yetu ni Kifaransa. Na maneno ya maonyo yanajirudia. Mtu akiyasoma mwezi mmoja kwa makini anayajua mengi anayokutana nayo.

Wapuuzaji wamesahau pia kwamba maonyo hayakai palepale. Katika C, kuita funksheni ambayo hujaitangaza kuliondolewa kwenye kanuni za lugha mwaka 1999. Kompaila zikaendelea kuruhusu, zikionya tu, kwa huruma ya msimbo wa zamani. Hatari ilikuwa halisi: kompaila ilidhani funksheni hiyo inarudisha namba ya biti 32, na kama kwa kweli ilikuwa inarudisha anwani ya kumbukumbu ya biti 64, nusu ya anwani ilikatwa. Programu iliyotembea vizuri kwenye mashine ya zamani ilianguka kwenye mpya, au ikatembea leo na kuanguka kesho. Mei 2024, GCC 14 ikasema basi: onyo hilo likawa kosa, pamoja na mengine ya ukoo wake. Waliokuwa wamelipuuza robo karne wakajikuta siku moja hawawezi kujenga kazi zao. Waliolisikiliza hawakuhisi chochote.

PHP, ambayo tovuti nyingi za hapa zimejengwa nayo, imefanya hivyo kwa hatua zinazoonekana. Ukitumia jina la thabiti ambalo halipo, zamani ulipata taarifa ndogo. Toleo la 7.2, mwaka 2017, likalipandisha kuwa onyo. Toleo la 8.0, Novemba 2020, likalifanya kosa linaloangusha ukurasa. Mwenye seva akiboresha toleo bila kukuuliza, tovuti uliyoikabidhi miaka mitatu iliyopita inageuka ukurasa mweupe, na mteja anakupigia simu wewe. Alama zilikuwepo kwenye kumbukumbu za seva muda wote huo, ila mtengenezaji alikuwa amezima maonyesho ya maonyo siku ya kwanza ili mteja asishtuke.

Najua chanzo cha tabia hii, na nakisema bila kuficha. Inafundishwa. Mwanafunzi analeta kazi, mwalimu anaiendesha, ikitembea anapata alama. Hakuna anayefungua dirisha la amri kutazama kompaila ilisema nini. Baada ya miaka mitatu ya kupimwa hivyo, tunashangaaje kijana akiamini kwamba kutembea ndiko kumaliza? Na wanaoagiza kazi nao hawaulizi. Nimesoma mikataba ya programu yenye kurasa za rangi za nembo na mahali pa kuweka picha za wafadhili, isiyo na sentensi hata moja kuhusu hali ya msimbo wenyewe.

Basi nawaomba walimu wa fani hii Goma, Butembo, Bukavu na kokote mnakofundisha: kuanzia muhula ujao, kazi ya C au C++ isipokelewe kama haijajengwa kwa -Wall na -Wextra, na kila onyo lililobaki liwe na maelezo ya maandishi ya mwanafunzi. Mpeni alama kwa maelezo hayo. Nyinyi wakuu wa miradi, ongezeni sentensi moja kwenye mkataba: programu ikabidhiwe pamoja na matokeo kamili ya ujenzi wake, yakionyesha kila onyo na uamuzi uliofanywa juu yake. Haiwagharimu faranga hata moja. Na wewe kijana unayejenga usiku huu programu itakayopelekwa Kalengera: rudisha skrini chini, anza na onyo la kwanza, lisome hadi mwisho, na usikabidhi kazi kabla hujajua linasema nini.